Chanjo Iliyofia Njiani

Namelok alifika kwenye nyumba ya dawa ya misheni akiwa amembeba mtoto mgongoni, na mguu wa mtoto huyo ulikuwa unanuka. Ulikuwa mwaka wa kumi na mbili tangu Wajerumani wajenge boma lao Arusha. Mtoto, Nanyori, alikuwa na miaka minne. Funza walikuwa wamemwingia vidoleni, vidonda vikaungana, na majani yote aliyoyajua Namelok hayakufua dafu. Mume wake alikuwa amefariki masika yaliyopita. Wazee wa ukoo walimwambia mguu ule ama utakatika wenyewe, ama utamuua mtoto, asubiri tu. Hakusubiri.

Kituo cha misheni kilikuwa juu ya kilima, upande wa magharibi wa Mlima Meru, mahali ambapo asubuhi kukiwa hakuna ukungu unaiona tambarare yote ya Kisongo. Palikuwa na shule ya chumba kimoja, na kitalu cha miche ya kahawa iliyogawiwa bure kwa yeyote aliyekubali kuchimba mashimo kwanza. Nyumba ya dawa ilikuwa chini ya uangalizi wa Sista Gertrud, Mjerumani mrefu mwenye mikono iliyobabuka kwa sabuni, aliyesema Kiswahili polepole, neno moja moja, bila kukosea.

Mguu wa Nanyori ulipona kwa wiki tano. Vidole viwili vilipotea, lakini alitembea. Katika wiki hizo Namelok hakukaa bure. Alifua bendeji, akachemsha maji, akajifunza kutoa funza kwa sindano pasipo kupasua kifuko chao. Siku ya kuondoka, Sista alimwuliza kama angependa kubaki.

"Nibaki nifanye nini?" Namelok aliuliza.

"Hicho unachokifanya."

Basi akabaki. Alipewa kibanda nyuma ya kitalu, na baada ya miaka miwili hakukuwa na mama upande ule wa mlima asiyemjua.

Uso wake ulikuwa na makovu ya ndui. Aliupata ugonjwa huo akiwa mtoto, miaka ile mibaya ambapo ng'ombe walikufa kwanza na watu wakafuata. Alilazwa kwenye kibanda cha majani nje ya boma la baba yake, pamoja na binti wa jirani aitwaye Resiato. Watoto saba waliingizwa kwenye kibanda kile. Wawili tu ndio waliotoka. Walikua pamoja, wakatahiriwa msimu mmoja, wakaolewa na ndugu wawili. Mume wa Namelok alipokufa, aliyemnyoa nywele za msiba alikuwa Resiato.

Mwezi wa pili wa mwaka 1914, habari zilifika kwamba ndui imeonekana kwenye kambi za vibarua huko Moshi, mahali reli ilipoishia. Sista Gertrud aliandika barua kuomba chanjo. Ilikuja kwa meli hadi Tanga, ikapanda treni hadi Moshi, kisha ikachukuliwa kwa miguu. Aliyeileta alikuwa Hatibu, mtu wa Pangani, mtu mzima mwenye kanzu fupi, aliyefanya kazi ya kuchanja watu kwa serikali ya boma. Sanduku lilikuwa dogo sana. Ndani yake mlikuwa na vichupa vyembamba vya kioo vilivyofungwa kwenye pamba.

"Watoto hawatakuja," Namelok alimwambia Sista. "Watasema unawatia ugonjwa."

"Ndiyo maana utakwenda wewe," alisema Sista. "Waonyeshe uso wako."

Akaenda. Kwa siku nne alizunguka boma moja baada ya jingine, akipita kwenye migomba na kando ya mifereji, akikaa chini na akina mama waliokuwa wakipukuchua maharage. Hakuwaambia habari za misheni wala za Mungu. Alisema, "Nitazameni. Mnamkumbuka mdogo wangu? Mnawakumbuka wale watano wa kibanda chetu? Hii ni mikwaruzo miwili tu mkononi. Inavimba, inakauka, basi."

Akina mama walimsikiliza, wakamtazama Resiato. Resiato alikuwa na watoto wawili: Lerionka, wa miaka tisa, mwanafunzi wa kwanza wa ukoo ule kujua kusoma, na Sakaya wa miaka minne. Mume wake, Loserian, alikuwa amepanda kahawa arobaini zilizotoka misheni. Ilijulikana kwamba Resiato si mtu wa kudanganyika.

"Namelok akisema ni mikwaruzo, ni mikwaruzo," Resiato alisema. "Wangu watakuwa wa kwanza."

Wakachanjwa watoto sitini na watatu kwa siku mbili. Sakaya alilia. Lerionka hakulia, ila baadaye alikimbilia nyuma ya shule na kurudi macho mekundu. Nanyori naye alichanjwa.

Siku ya nane watoto waliletwa kukaguliwa. Sista alikuwa kitandani na homa, hivyo Hatibu na Namelok ndio waliowatazama. Hatibu alishika mkono wa mtoto wa kwanza, akaugeuza kwenye mwanga, akauachia. Akashika wa pili. Wa tatu. Alipofika wa kumi alimvuta Namelok pembeni.

"Bibi, umeona lengelenge hata moja?"

"Sijaona. Nimeona vigaga vidogo."

"Hivyo ni vigaga vya mkwaruzo. Hata mwiba hufanya hivyo. Chanjo ikishika, siku ya nane mkono unakuwa na lengelenge la duara, limebonyea katikati, na mtoto anachemka. Hawa hawana kitu." Alishusha sauti. "Sanduku lilikaa Moshi siku tano likingoja wapagazi, juani, juu ya mabati. Nilisema. Nani alinisikia? Dawa ilifia njiani."

Namelok alikwenda hadi kitandani kwa Sista na kumweleza. Sista alijiinua kwa kiwiko.

"Nitaandika barua leo. Itakuja nyingine, labda baada ya miezi miwili."

"Na mama zao niwaambie nini? Wako nje."

"Usiwaambie kitu sasa. Namelok, sikiliza. Tukiwaambia dawa ilikuwa mbovu, hawatarudi tena. Si kwa chanjo, si kwa vidonda, si kwa shule. Mpya ikifika tutasema hii ni sehemu ya pili. Ni miezi miwili tu."

Namelok alisimama pale akiitazama mikono yake. Kisha akatoka nje, akawaambia akina mama waende nyumbani.

"Imekwisha?" Resiato aliuliza, akimfunga Sakaya mgongoni.

"Imekwisha."

Miezi miwili ikapita, ikawa minne, kisha mitano. Mwezi wa nane vita vikaanza. Barua hazikuja tena kutoka Ulaya, wala dawa. Askari wa boma walipita wakichukua ng'ombe na mahindi, na kuwakusanya wanaume kubeba mizigo ya jeshi kuelekea mpakani. Loserian alikuwa miongoni mwao. Shule ikafungwa, madawati yakaondolewa, magunia ya jeshi yakajazwa mle ndani hadi madirishani. Lerionka aliendelea kuja kilimani kila asubuhi na kibao chake cha kuandikia. Alikaa chini ya ukuta wa nyumba ya dawa na kuandika majina ya watu waliokuja kutibiwa, kisha akawasomea majina yao wenyewe ili wacheke.

Mara mbili Namelok alimwendea Sista akitaka kusema ukweli. Mara zote mbili Sista alimwambia, "Tuombe Mungu, ndui haijafika huku." Na kweli haikuwa imefika.

Lakini kuna jambo Namelok alilifanya bila kumwambia mtu. Tangu siku ile ya nane hakumruhusu Nanyori kwenda sokoni. Hakumruhusu kuteremka kwenye boma la Resiato, alikozoea kulala na wenzake. Msafara ukipita njiani, alimfungia kibandani. Nanyori alipolia kwamba anataka kwenda kucheza na Sakaya, alimwambia mguu wake bado haujawa na nguvu. Mguu ulikuwa umepona zamani.

Loserian alirudi mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata. Alionekana kwenye migomba ya nyumbani kwake akitembea kwa kushika mashina, macho mekundu, mgongo ukimuuma kiasi kwamba hakuweza kuinama kupita mlangoni. Siku ya tatu vipele vilimtoka usoni.

Zamani, mtu wa namna hiyo hakuingizwa nyumbani. Alijengewa kibanda mbali, akapelekewa chakula na mtu mwenye makovu, na watoto walihamishiwa kwa bibi yao. Resiato aliijua desturi hiyo kuliko mtu yeyote. Lakini mumewe alikuwa anatetemeka, yeye mwenyewe alikuwa na mimba ya miezi mitano, mvua za vuli zilikuwa bado hazijakatika, na watoto wake walikuwa wamechanjwa. Alimlaza Loserian ndani, kwenye kitanda chake. Lerionka alimpelekea baba yake maji. Sakaya, ambaye hakuwa amemwona baba kwa miezi mitano, alilala miguuni pake.

Namelok alipata habari siku ya sita, kutoka kwa mwanamke aliyekuja kutibiwa jicho. "Hata hivyo Resiato ana bahati," mwanamke yule alisema. "Watoto wake wana dawa yenu. Wanamhudumia baba yao vizuri sana."

Namelok aliangusha beseni. Hakumuaga mtu. Alikimbia kilima chote hadi chini, akavuka mfereji bila kutafuta daraja, na alipofika alimkuta Resiato nje akikoroga uji. Watoto walikuwa wamekaa kando ya moto, wazima.

"Watoe hapa," Namelok alisema akihema. "Watoto. Watoe, wasiingie tena ndani."

"Kuna nini? Wamechanjwa."

"Haikushika."

Resiato aliacha kukoroga.

"Dawa ilikuwa imekufa. Iliharibika kwa jua kabla haijafika. Hakuna mtoto hata mmoja iliyemshika. Resiato, watoe watoto."

Resiato hakupiga kelele. Alimwambia Lerionka amchukue mdogo wake, wakakae chini ya mti kule shambani, wasirudi hadi waitwe. Lerionka alimtazama mama, akamtazama Namelok, akamshika Sakaya mkono. Walipokuwa mbali Resiato aliuliza, "Ulijua lini?"

"Siku ya nane. Siku ile ya kuwakagua."

"Siku ile niliyokuuliza kama imekwisha."

"Ndiyo."

"Karibu mwaka mzima."

"Sista alisema—"

"Sikuulizi Sista. Sista sikulala naye kwenye kibanda cha majani." Resiato alikuwa ameushikilia mwiko kifuani, uji ukimchirizika kwenye nguo. Kisha uso wake ukabadilika, kama mtu aliyesikia kitu kwa mbali. "Ndiyo maana Nanyori hashuki tena huku. Nilidhani umejivuna kwa kukaa na Wazungu. Kumbe ulikuwa unamficha."

Namelok aligeuka kutazama kule mtini walikokaa watoto.

"Wa kwako ulimficha," Resiato alisema. "Wa kwangu ukawaacha."

Walijenga vibanda viwili siku hiyohiyo, wanawake wawili peke yao, bila kusemezana, wakipeana fito na majani. Loserian alihamishiwa kimoja. Watoto waliwekwa kingine, upande wa pili wa shamba. Kisha kukawa hakuna la kufanya isipokuwa kungoja. Kila asubuhi Resiato aliwapapasa vipaji vya nyuso. Kila asubuhi vilikuwa baridi. Lerionka alimfundisha Sakaya kuchora herufi kwenye vumbi. Siku zikapita sita, saba, nane. Namelok alianza kuthubutu kutumaini.

Asubuhi ya siku ya tisa Sakaya aliamka akisema kichwa kinamuuma. Jioni yake Lerionka alitapika.

Sakaya alikufa siku ya saba ya homa, vipele vikiwa vimeungana hata macho hayakuonekana. Lerionka alikaa zaidi. Namelok alimlowesha midomo kwa maziwa, akamfukuzia nzi kwa jani la mgomba, akamlalisha juu ya majani laini kwa kuwa ngozi haikuvumilia kitu kingine. Siku ya kumi na moja aliuliza kama shule imefunguliwa.

"Bado," Namelok alimjibu. "Karibu."

"Magunia wameyatoa?"

"Wanayatoa."

Alikufa kabla ya jua kuwa kali. Namelok ndiye aliyewabeba wote wawili na kuwachimbia, kwa kuwa hakuna mwingine aliyethubutu kuwagusa, na Resiato tumbo halikumruhusu. Loserian alipona, akabaki na jicho moja. Alipoambiwa kwamba ni yeye aliyeuleta ugonjwa nyumbani, alikwenda kwenye kahawa zake arobaini, zilizokuwa zimefika kiunoni, akazing'oa moja moja hadi ya mwisho.

Namelok hakurudi kilimani, ambako Nanyori alibaki na Sista. Kutoka kaburini alikwenda moja kwa moja kwenye boma la jirani, akasimama mlangoni bila kuingia, akasema: "Chanjo niliyowaletea ilikuwa mbovu. Nilijua, nikanyamaza. Watoto wenu hawana kinga. Msiwapeleke sokoni, msipokee mgeni, na mwenye homa mumtenge kama zamani." Kisha akaenda linalofuata. Alikwenda kwenye maboma yote aliyoyazungukia mara ya kwanza. Mwanamke mmoja alimmwagia maji ya kuoshea vyombo. Mzee mmoja alimwomba Mungu amnyime mjukuu. Wengi walifunga milango tu. Lakini walifanya alivyosema, vibanda vikajengwa pembeni mwa mashamba, na upande ule wa mlima ndui iliua watoto kumi na mmoja wakati ingeweza kuua wengi zaidi. Hakuna aliyemshukuru, naye hakutarajia.

Sista Gertrud alimkuta kando ya mfereji siku nyingi baadaye, akifua nguo zake kwa majivu.

"Umevunja kila kitu tulichokijenga," Sista alisema. Halafu akakaa kwenye jiwe, akafunika uso kwa mikono, akalia kwa lugha yake.

Mwisho wa mwaka ule Hatibu alikuja tena na sanduku la chanjo, iliyotengenezwa humuhumu nchini. Safari hii alikuwa amelizungushia magome ya mgomba yaliyoloweshwa, na alikuwa ametembea alfajiri tu, akipumzika penye kivuli jua likipanda. Vichupa havikuzidi ishirini, na kila kimoja kilitosha watoto wawili. Alikaa mlangoni mwa nyumba ya dawa siku mbili nzima, pamoja na Namelok, aliyekuwa amerudi kazini. Hakuja mtu.

Siku ya tatu akaja Resiato na kitoto cha miezi saba, Lemburis, aliyezaliwa baada ya msiba. Namelok alinyanyuka na bakuli la maji.

"Wewe usimguse," Resiato alisema bila kumtazama. Akamgeukia Hatibu. "Shikamoo. Mchanje wewe. Na hii ikiwa imekufa, uniambie hapahapa."

"Marahaba, mwanangu. Haijafa," Hatibu alijibu. "Lakini usiniamini mimi, ungoje siku ya nane."

Siku ya nane mkono wa Lemburis ulikuwa na lengelenge la duara, limebonyea katikati, na mtoto alikuwa anachemka na kulia. Resiato alimchukua vilevile akilia, akapita naye kwenye maboma, akiwaonyesha akina mama ule mkono. Kesho yake njia ya kilimani ilijaa watu.

Namelok alipanga foleni. Alimweka Nanyori mwisho kabisa, nyuma ya watoto wote wa wenziwe. Vichupa viliisha watoto watatu wakiwa wamebaki, na Nanyori alikuwa mmoja wao. Hatibu alimtazama Namelok.

"Bibi, ungeniambia mapema, ningekuwekea."

"Nilijua," Namelok alisema.

Resiato alikuwa amesimama karibu, Lemburis mgongoni. Alisikia. Aliitengeneza nguo ya kumbebea mtoto, akateremka zake.

Miezi michache baadaye majeshi ya Waingereza yalipanda hadi Arusha. Nyumba ya dawa ilifungwa, Sista akaondoka na mizigo miwili, na Namelok akarudi kulima kwenye shamba la marehemu mumewe, lililopakana na la Loserian. Nanyori hakuugua. Wanawake wale wawili waliteka maji kwenye mfereji mmoja kwa miaka mingi, Resiato asubuhi, Namelok alasiri, na wakikutana njiani, mmoja alisimama pembeni mwingine apite.

Nanyori alipoolewa, watu walijaa uani. Resiato aliingia na kibuyu cha maziwa, akasogea hadi kwa bibi harusi, akamnywesha, akamtemea mate ya baraka kichwani na kwenye miguu yake yote miwili. Alimshika mashavu kwa mikono yake, akamnong'oneza kitu ambacho Nanyori hakuwahi kukisema kwa mtu. Namelok alikuwa mlangoni. Alipiga hatua moja mbele, mikono ikiwa imenyooka kidogo.

Resiato alikichukua kibuyu chake kitupu, akapita upande wa pili wa ua, akaenda nyumbani.